Ngazi Iko Wapi? Wamama na Usalama Katika Nyumba za Etaji Nyingi



Jumamosi mbili zilizopita, tulipomaliza kuhesabu pesa za likelemba, mama mmoja wa kikundi chetu alituomba tunyamaze kidogo. Alifungua simu yake akatusikilizisha ujumbe wa sauti wa binti yake. Binti huyo anaishi Ufaransa na watoto wake wawili, katika nyumba ndefu, etaji ya 14. Saa nane ya usiku kengele ya moto ililia. Aliamka, akambeba mdogo, akamshika mkubwa mkono, akakimbilia asansere. Ikawashusha mpaka chini bila shida. Baadaye wakaambiwa ni jirani aliyesahau sufuria jikoni. Wakarudi kulala.

Mama yake akatuuliza: "Mtoto wangu alifanya vizuri ao alifanya vibaya?"

Tulikuwa wamama zaidi ya 30 ndani ya chumba, na hakuna aliyejibu kwa uhakika. Wengine walisema asansere ni ya haraka, kwa hiyo alifanya vizuri. Wengine walisema angebaki ndani. Mmoja alisema yeye angefunga mlango na kuomba Mungu. Tukaona kwamba jambo hili hatulijui, na tukakubaliana kulitafuta na kuliandika hapa.

Kwa nini linatuhusu

Wengi wetu tunalala katika nyumba za chini, ndani ya parsele. Lakini watoto wetu wako wapi? Wako Kinshasa, Nairobi, Johannesburg, Paris, Brussels. Wengine wanafanya kazi katika nyumba za watu Dubai, etaji ya 30 na zaidi. Wengine walipokelewa Marekani na Kanada kama wakimbizi, wakapewa vyumba juu kabisa. Sisi tunawauliza kama wamekula, kama wanasali, kama watoto wanasoma. Hatujawahi kuwauliza: ngazi iko wapi?

Na hapa Bukavu pia uwanja umekwisha. Mtu akipata kipande kidogo anajenga kwenda juu: chini maduka, katikati ofisi, juu vyumba vya kukodisha. Nyumba ya etaji tano si ndefu kama zile za Ulaya, lakini mama aliye etaji ya tano na watoto watatu hawezi kuruka dirishani.

London: walioambiwa wakae ndani

Tarehe 14 Juni 2017, London, moto uliwaka katika nyumba iliyoitwa Grenfell Tower. Ilikuwa na etaji 24 na ngazi moja tu. Waliokaa humo walikuwa familia za watu wa kawaida, wengi wao waliotoka Afrika na nchi za Waarabu.

Moto ulianzia jikoni, etaji ya 4, kwenye frigo, kabla kidogo ya saa saba ya usiku. Mwenye chumba aliwaita wazima moto, nao walifika upesi. Kwa kawaida mambo yangeishia hapo. Nyumba nyingi za namna ile hujengwa kwa wazo kwamba moto wa chumba kimoja utafia ndani ya chumba hicho, kwa sababu kuta na sakafu ni za betoni na milango imetengenezwa ili kuzuia moto. Ndiyo maana wakaaji huambiwa: kama moto hauko kwako, kaa ndani, funga mlango, uache ngazi kwa wazima moto.

Lakini nyumba ile ilikuwa imekarabatiwa, na kazi ilimalizika 2016. Ilivishwa kwa nje mabamba ya alumini yenye plastiki katikati. Moto ulitoka kupitia dirisha la jikoni, ukashika mabamba yale, na kwa muda wa dakika 20 hivi ukawa umefika juu kabisa. Tangu hapo betoni ya ndani haikuwa na kazi tena, kwa sababu moto uliingia vyumbani kutoka nje. Milango mingi ya vyumba haikujifunga yenyewe kama ilivyopaswa, moshi ukajaa kwenye njia na kwenye ngazi.

Watu waliopiga simu kuomba msaada waliendelea kuambiwa wakae ndani. Amri hiyo ilibadilishwa karibu saa mbili baada ya moto kuanza, na wakati huo wengi hawakuweza tena kupita. Watu 72 walikufa, na kati yao 18 walikuwa watoto.

Tume ya uchunguzi iliyoongozwa na jaji Martin Moore-Bick ilisema mwaka 2019 kwamba amri ya kukaa ndani ilipaswa kuondolewa mapema zaidi, na kwamba kufanya hivyo kungeokoa watu. Ripoti ya mwisho, Septemba 2024, ilisema vifo vyote vingeweza kuepukwa. Wakaaji wenyewe walikuwa wameandika na kulalamika juu ya usalama kwa miaka kadhaa kabla ya moto, na hawakusikilizwa.

Tulipolisoma hili kwa sauti katika mkutano wetu, chumba kilitulia. Tulifundishwa kutii wakubwa na wenye kazi yao. Je, basi wasitii? Jibu tulilopata ni hili: amri ya kukaa ndani ni nzuri wakati nyumba yenyewe inashikilia moto, na mara nyingi inashikilia. Lakini ukiona moto au moshi unaingia kwako, au joto linazidi, usingoje tena ruhusa ya simu. Toka ungali unaweza kupita.

New York: waliojua njia

Kisa cha pili ni cha New York. Majengo mawili ya World Trade Center yalikuwa na etaji 110 kila moja. Mwaka 1993 bomu lililipuka chini, mahali pa kuegesha magari. Watu 6 walikufa. Taa zilizimika, moshi ukapanda kwenye ngazi, na maelfu ya watu wakashuka gizani. Wengine walitumia masaa mengi mpaka kufika chini.

Baada ya hapo wenye majengo waliweka taa za akiba kwenye ngazi, wakapaka rangi inayong'aa gizani ukingoni mwa vidaraja, wakachagua watu wa kuongoza kila etaji, na wakaanza kufanya mazoezi ya kutoka.

Tarehe 11 Septemba 2001 ndege mbili zikagonga majengo hayo. Jengo moja lilianguka baada ya dakika 56, la pili baada ya dakika 102. Waliochunguza walikadiria kwamba watu karibu 17,400 walikuwa ndani asubuhi ile. Waliokuwa chini ya mahali palipogongwa, karibu wote walipona, 99 kati ya kila 100. Walishuka kwa miguu, mstari kwa mstari, wakipisha wazima moto waliokuwa wakipanda. Wengi wa juu hawakuwa na bahati hiyo, kwa maana ngazi karibu zote zilikuwa zimekatika.

Hata siku ile, katika jengo la pili, sauti ilitangazwa kwamba jengo ni salama na watu warudi kazini. Muda mfupi baadaye ndege ya pili ikaligonga. Wengi walikuwa wamekwisha kuanza kushuka kwa uamuzi wao wenyewe, nao wakapona.

Kuna jambo jingine tulilotaka mlijue. Katika jengo la kwanza, etaji ya 69, kulikuwa na mtu asiyeweza kutembea. Baada ya bomu la 1993 viti maalum vya kushusha watu kwenye ngazi vilikuwa vimenunuliwa. Wenzake kazini walimkalisha katika kiti hicho wakamshusha kwa zamu mpaka nje, akapona. Kule Grenfell, wakaaji 37 walikuwa na ulemavu, na 15 kati yao walikufa. Hakuna mpango uliokuwa umefanywa wa kuwatoa. Wale wa New York pia walikuwa na miguu ileile isiyotembea, lakini mtu fulani alikuwa amekaa mapema na kujiuliza: huyu tutamshusha namna gani?

Johannesburg: mlango wenye kufuli

Usiku wa tarehe 31 Agosti 2023 moto uliwaka katika nyumba ya etaji tano inayoitwa Usindiso, katikati ya mji wa Johannesburg. Nyumba ilikuwa ya serikali ya mji, lakini ilikuwa imeachwa, na maskini waliingia kukaa. Walikuwemo wenyeji wa Afrika Kusini, Wamalawi, Watanzania na wengine. Vyumba vilikuwa vimegawanywa kwa mbao na mapazia. Milango ya chuma ilikuwa imefungwa kwa kufuli ili kuzuia wezi. Watu zaidi ya 70 walikufa, wakiwemo watoto. Wengine waliruka kutoka madirishani.

Kisa hiki ndicho kilichotugusa zaidi, kwa sababu kinafanana na kwetu. Sisi tunaogopa mwizi kila usiku, na moto tunauogopa siku ukiwaka. Kwa hiyo dirisha tunalitia antivoli, mlango tunautia kufuli mbili, na ufunguo mama anauficha mahali anapopajua peke yake. Mama akienda sokoni, watoto wanabaki ndani, wamefungiwa kwa nje.

Tulivyojiangalia sisi wenyewe

Tulipofika hapo mama mmoja akasema: "Na hapa tunapokaa sasa?" Chumba chetu cha mikutano kiko etaji ya tatu. Tunapanda kwa ngazi ya mbele kila wiki tangu miaka. Tukatoka kuangalia. Ngazi ya nyuma iko, lakini mlango wake ulikuwa na kufuli, na ufunguo unabaki kwa sentineli. Sentineli anaenda nyumbani saa kumi na moja. Mikutano yetu inaisha saa kumi na mbili. Juu ya vidaraja vya ngazi ile kulikuwa na magunia ya makala na bidoni mbili za esansi ya jenereta.

Hatukuenda kugombana na mwenye nyumba. Tulituma wamama watatu, wakamweleza kwa heshima. Alituambia hakuna aliyewahi kumwuliza jambo hilo. Makala na esansi vimehamishwa uani. Kufuli imetolewa, na mahali pake kumewekwa komeo linalofunguliwa kwa ndani bila ufunguo.

Jumamosi iliyofuata tulifanya zoezi. Mmoja alipiga sufuria, wote tukatoka. Ilituchukua dakika saba, na zilikuwa nyingi kuliko tulivyodhani. Watatu walirudi kuchukua mikoba. Na mama yetu mzee, ambaye magoti yanamuuma, alibaki kwenye kiti chake, kwa sababu kila mmoja alidhani mwingine atamsaidia. Tulicheka mwanzoni. Kisha yeye mwenyewe akasema, "Basi mimi ningekufa." Hatukucheka tena. Sasa wawili wamechaguliwa kwa majina, kila mkutano.

Mambo ya kushika kichwani

Kabla ya hatari. Hesabu milango kutoka kwako mpaka kwenye ngazi, kwa sababu katika moshi hutaona kitu, utapapasa ukuta. Kama kuna ngazi mbili, zijue zote mbili. Zishuke kwa miguu angalau mara moja na watoto. Fanya vivyo hivyo ukilala hotelini. Ufunguo wa mlango uwe mahali pamoja, karibu na mlango, na kila mtu mkubwa wa nyumba apajue. Kama madirisha yana antivoli, moja liwe la kufunguka kwa ndani.

Ngazini. Usiweke baiskeli, gari la mtoto, makala, wala mbabula inayopoa. Ngazi ni njia ya kuponea. Mlango mzito wa ngazi katika nyumba ndefu usizuiwe kwa jiwe ubaki wazi. Kazi yake ni kuzuia moshi.

Jikoni. Mafuta yakiwaka kwenye kikaango, usimwage maji, moto utakurukia. Zima jiko, funika kwa kifuniko, kiache kipoe. Kitu cha umeme kikiwaka, kata umeme kwanza. Moto ukikuzidi, toka na ufunge mlango nyuma yako. Mlango uliofungwa unawapa wengine dakika za kukimbia.

Moto ukiwa kwako. Toka na watu wote, bila kurudi kuchukua simu, pesa wala kadi. Mtoto mdogo umfunge kwa kikwembe ili mikono yako ibaki huru: mmoja wa kushika reli ya ngazi, mwingine wa kushika mtoto mkubwa. Gonga milango ya majirani ukipita. Shuka, usipande juu, maana moshi unapanda pia. Kama kuna moshi, inama au tambaa. Hewa nzuri inabaki chini. Wengi huuawa na moshi kabla moto wenyewe haujawafikia.

Asansere. Usiingie. Umeme ukikatika itakufungia humo. Inaweza pia kufunguka mbele ya moto wenyewe, na shimo inamopita huvuta moshi kama bomba la jiko.

Moto ukiwa kwingine. Fuata amri ya nyumba unamokaa, ambayo huandikwa chini penye mlango mkubwa, uisome leo. Kabla ya kufungua mlango wako, uguse kwa mgongo wa mkono. Ukiwa wa moto, usifungue. Kama ngazi imejaa moshi usioweza kupitika, rudi ndani, funga mlango, ziba chini kwa nguo zenye maji, nenda kwenye dirisha la mbali na moto, pungia watu kitambaa, na upige simu ukitaja etaji na namba ya chumba chako. Lakini moto au moshi ukikufuata humo ndani na njia ingali inapitika, toka.

Ardhi ikitetemeka. Sisi wa Kivu tunakumbuka tarehe 3 Februari 2008. Wakati wa kutikisika usikimbilie ngazini, ndipo watu wanapoangushiana. Ingia chini ya meza nzito, linda kichwa, kaa mbali na vioo. Ikitulia, shukeni kwa ngazi, mwende mahali pa wazi.

Namba za kuwatumia watoto wetu walio mbali: Ufaransa ni 18 au 112, Ubelgiji 112, Uingereza 999, Marekani na Kanada 911, Afrika Kusini 112 kwa simu ya mkononi, Dubai na nchi yote ya Emirati 997.

Kuwafundisha watoto bila kuwatisha

Wamama wengine waliuliza kama mazungumzo haya hayatawatia watoto hofu. Sisi tumeona kwamba mtoto huogopa zaidi jambo asilojua la kufanya. Mfanyeni kama mchezo. Fumba macho ya mtoto kwa kitambaa, atafute mlango kwa kupapasa ukuta. Mfundishe kutambaa. Mwambie mahali pa kukutania nje, kwa mfano chini ya mti au mbele ya duka fulani, ili asirudi ndani kukutafuta. Na mwambie wazi: moto ukiwaka, usijifiche chini ya kitanda wala ndani ya kabati, hata kama ni wewe uliyeuwasha. Hatutakupiga. Mtoto anayeogopa fimbo hujificha, na wazima moto hawamwoni.

Kuhusu kuwafungia watoto ndani tunapoenda sokoni, tunajua kwa nini tunafanya hivyo, na hatumlaumu mama yeyote. Lakini tuzungumze katika vikundi. Katika avenue moja wamama watatu wanaweza kupeana zamu: mmoja abaki na watoto wa wote, wawili waende sokoni. Kama hilo haliwezekani leo, basi jirani mmoja awe na ufunguo.

Jibu kwa yule mama

Tulimjibu mwenzetu hivi: binti yako alifanya vizuri kuamka na kuwashika watoto wote wawili. Alifanya vibaya kuingia asansere. Safari hii ilikuwa sufuria tu.

Alimpigia simu palepale, mbele yetu. Binti alicheka kwanza, akasema, "Mama, hapa Ulaya kuna kila kitu." Mama akamwambia atoke na watoto, asikate simu, ahesabu milango mpaka kwenye ngazi. Tukamsikia akihesabu pamoja na watoto, kwa Kifaransa: milango sita. Mlango wa ngazi ulikuwa nyuma ya matandiko na baiskeli za jirani. Hakuwa amewahi kuufungua tangu alipohamia.

Alisukuma baiskeli kando, akashuka na watoto etaji zote 14, simu ikiwa mkononi. Sisi tulikaa kimya tukisikiliza hatua zao. Kila walipofika etaji nyingine, mdogo alitaja namba yake kwa sauti.

Wiki hii, kila mmoja wetu apige simu moja kwa mtoto wake, kwa dada yake au kwa rafiki anayelala juu. Kikundi nacho kikague mahali pake pa mikutano. Mtakachokikuta mtuletee habari Jumamosi.